Mama wa Nyumba ya Wasichana Ishirini na Wawili

Saint Paul, Minnesota
2 Septemba 2013

Kwa Bi. Lois Wanjohi,
Nyumba ya Wazee, Blaine

KUH: OMBI LA KAZI YA KUTUNZA WAZEE

Nimeliona tangazo lako kwenye ubao wa kanisa, pale penye kadi za harusi na magari yanayouzwa. Umesema anayetaka kazi akuandikie kwa mkono, kwa Kiswahili. Sijaandika barua ya Kiswahili tangu kidato cha nne, kwa hiyo niwie radhi nikiteleza.

Naitwa Makena. Nina umri wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Meru. Mwezi wa Juni nilimaliza kozi ya muuguzi msaidizi nikapata cheti. Mwaka mmoja kabla ya kozi nilikuwa mama wa nyumba hapa jirani, mjini Minneapolis, nyumba yenye wasichana ishirini na wawili. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha wamekula, kuwashonea, kuwafunga vidonda vya miguu, kuwapatanisha wakigombana, na kukaa na anayelia mpaka anyamaze. Miaka miwili ya mwanzo nilifanya kazi nyingine hapo hapo.

Sina jamaa huku. Ningeomba na chumba, kwa kuwa tangazo linasema kipo. Mdhamini wangu ni Bw. Birindwa, niliyefanya kazi naye. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi.

Wako mtiifu,
Makena


Blaine
9 Septemba 2013

Makena,

Nimepata barua kumi na moja. Nyingi zimeniambia mwandishi anavyompenda Yesu, na hakuna hata moja iliyoniambia kama anajua kumgeuza mgonjwa kitandani. Wewe umetaja vidonda vya miguu. Kazi ni yako.

Kwanza makosa. "Wako mtiifu" mwandikie DC, si mimi. "Niwie radhi nikiteleza" ni nzuri, sijui umeiiba wapi. Nilifundisha Kiswahili Nyeri miaka kumi na tisa kabla ya kuja huku kuwabadilisha watu nepi, na mpaka leo nikiona karatasi mkono unaniwasha.

La pili, mama wa nyumba! Nililiona neno hilo nikacheka peke yangu jikoni. Shule yetu ya bweni ilikuwa naye, kimwanamke kifupi, tulimwogopa kuliko mwalimu mkuu, na ndiye pekee aliyejua nani hajaletewa sabuni kutoka kwao. Na wewe, kwa umri huo, umelea mayatima ishirini na wawili! Hukuandika kwamba ni mayatima, lakini wasichana wa kukaa nyumba moja na mama asiye wao watakuwa nani wengine? Mungu akubariki.

Mama yangu ameanguka kule Nyeri, nyonga imevunjika. Nasafiri tarehe ishirini, kurudi sijui. Utawakuta wazee watatu. Wawili ni wapole. Wa tatu ni Bi. Ardis, miaka themanini na minane, mjane wa Kilutheri. Hataki kuoga, na anauma. Utafanya kazi na Vestine, Mkongomani, mchapakazi kweli kweli, ila Kiswahili chake kitakutoa jasho. Makaratasi ni ya mwanangu Alvin.

Uniandikie kila wiki mbili. Barua ya Nyeri inachukua kama wiki tatu njiani, vumilia.

Hamia Jumamosi.

Mwalimu Lois Wanjohi


Blaine
13 Oktoba 2013

Mpendwa Mwalimu,

Pole kwa safari na pole sana kwa mama. Wazee hawajambo. Bi. Ardis ameoga mara sita na ameniuma mara moja tu, siku ya kwanza.

Vestine aliniuliza nimempa dawa gani. Hakuna dawa. Kule kwa wasichana nilijifunza kwamba mtu anayeogopa kutoka haambiwi atoke. Unaanza kumtengeneza nywele. Unamsifu kidogo, si sana, akijua unamdanganya ameshakuhama. Mwishowe anasimama mwenyewe. Basi kila asubuhi namchana Bi. Ardis, namwambia nyeupe hii wengine wanaitafuta saluni hawaipati, na tukifika sikioni ananiuliza kama maji yana moto.

Vestine ni mtu mzuri. Ananiambia "aksanti" na "mi nasikia baridi ku miguu," nami namjibu Kimeru, tunacheka. Lakini Jumapili akienda kwa watu wake, nyumba inakuwa kubwa. Blaine bila gari mtu hatoki, Mwalimu. Nakaa dirishani natazama magari yakiingia gereji na milango ikijifunga yenyewe. Mwezi mzima sijaona jirani hata mmoja akitembea kwa miguu. Mama yangu mzazi hajanijibu barua tangu 2010, kwa hiyo nikiona sanduku la barua naangalia pembeni. Sasa nina sababu ya kulifungua.

Kuna jambo kuhusu wale wasichana ningependa kukueleza. Siku nyingine.

Makena


Nyeri
5 Novemba 2013

Makena,

Barua yako nimeisoma mara tatu na sikuona kosa la kuzungushia. Umenikosesha raha.

Mama hanijui. Ananiita sista, anadhani mimi ni muuguzi wa hospitali. Jana alinishika mkono akaniambia, "Sista, watoto wangu wote wako Amerika." Nikamjibu, "Watarudi, mama." Akasema, "Aa, hao? Wapi!" Nikatoka nje nikalia karibu na matangi ya maji kama mtoto wa darasa la kwanza. Miaka kumi na minne nimewaosha mama za watu wengine, na wa kwangu nimemfikia hanitambui.

Kwenye kikundi cha maombi nimewasimulia habari zako. Ninawaambia, wagonjwa wangu nimewaachia binti aliyelea mayatima ishirini na wawili, ndiyo maana nalala usingizi. Wanawake wa hapa wanakuombea kwa jina. Lile jambo la wasichana wako nieleze tu, najua kuachana nao kulikuuma.

Nimeamua uwe msimamizi wa nyumba. Mkaguzi wa serikali anakuja Desemba na faili lako halijakamilika, kwa hiyo Alvin atampigia simu huyo Bw. Birindwa wako amuulize mawili matatu. Ni utaratibu tu.

Mwalimu


Blaine
24 Novemba 2013

Mwalimu,

Usinipe usimamizi kabla hujasoma barua hii. Nimeiandika na kuichana mara nne.

Wasichana wangu hawakuwa mayatima. Ile nyumba ni klabu, pale mjini, yenye jukwaa na taa, wanaume wanakwenda kuwatazama wanawake wakicheza dansi na kuvua nguo. Miaka miwili nilikuwa mmoja wa hao wanawake. Chuo kilikuwa kimenishinda na sikuwa na uso wa kurudi Meru. Mama alipata kujua, tangu hapo kimya.

Kwenye klabu hizo huwa kuna mwanamke anayekaa chumba cha nyuma. Anawashonea wasichana vifungo, anawapikia, anawafunga miguu iliyochubuliwa na viatu, anamzuia aliyelewa asitoke. Anaitwa mama wa nyumba. Ndilo jina lake, Mwalimu, sikulibuni mimi. Aliyekuwapo alizeeka, nami nilikuwa nimechoka na jukwaa, nikashika nafasi yake. Yale yote niliyokuandikia kwamba nilikuwa nafanya, niliyafanya kweli.

Sikukaa chini nikapanga kukudanganya. Lakini ulipojibu na mayatima wako nikajua umekosea. Nilikaa kitandani na ile barua nikasema, mwache. Hapo ndipo nilipokudanganya, na nimeendelea kila siku nilipoamka humu.

Nataka ujue kwamba kabla yako niliandika ukweli mara tatu. Nyumba ya kwanza haikujibu. Ya pili, yule bwana aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kama bado nakumbuka kucheza. Ya tatu, mama mmoja mcha Mungu alisema atanichukua nikikubali kusimama kanisani nitoe ushuhuda. Alikuwa ameshapanga Jumapili yenyewe. Mimi sikutaka kuliliwa na watu. Nilitaka kazi.

Birindwa ni mlinzi wa mlangoni pale klabu. Alvin akimpigia atasema yote, hajui kudanganya. Nimetaka uisikie kwangu kwanza.

Nangoja neno lako. Nisamehe.

Makena


Nyeri
28 Novemba 2013

Makena,

Mama alifariki Jumatatu, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono. Alisema, "Asante, sista," basi. Tunazika Jumamosi.

Nimekaa nikawaza mengi. Watu tunawekeana makosa miaka na miaka, halafu mmoja anaondoka na mwingine anabaki nayo mkononi hajui ayapeleke wapi. Mimi nimeamua. Ya nyuma nimeyasamehe yote, ya kila mtu, na sitaki kuyasikia tena. Tuanzie hapa.

Kaa kwangu kama kwako. Nikirudi nataka nikukute. Tangu mama aende, wewe tu ndiye ninayemwandikia.

Lois


Blaine
17 Desemba 2013

Mpendwa sana Mwalimu,

Pole. Pole sana, sana. Ningekuwa huko ningekaa nawe tu bila kusema kitu.

Barua yako imefika leo. Nimeisoma nimesimama kwenye sanduku, theluji hadi vifundoni, wala sikusikia baridi. Sikudhani yangu ingekufikia upesi hivyo. Na katika msiba wako, mama yako hajazikwa, umepata nafasi ya kunisamehe mimi! "Sitaki kuyasikia tena." Hutayasikia. Lakini niruhusu niseme asante mara moja, halafu nitanyamaza.

Nimemweleza Vestine yote, kwa kuwa sasa naweza. Alikuwa anamenya viazi. Akanitazama, akasema, "Ni ile tu? Miye nilizani uliua mutu." Akaendelea na viazi.

Mkaguzi alikuja, akakuta kila kitu sawa. Bi. Ardis alimwambia mimi ni binti yake wa tatu. Nilikwenda stoo ya nguo nikalia, na hiki ni kilio cha kwanza kizuri tangu nije nchi hii. Nimepachagua mahali pa kuweka kitanda kingine chumbani kwangu, ukirudi ukitaka mtu wa kuzungumza naye. Miaka mitatu nimekuwa nikitembea kama mtu aliyeficha kitu chini ya koti. Leo nimelivua, na hakuna aliyepiga makofi.

Wako,
Makena


Nyeri
19 Desemba 2013

Makena,

Barua hii nampa Kemunto wa kanisani kwetu, anarudi Minnesota kesho, ikufikie haraka.

Yako ya tarehe 24 Novemba imefika juzi. Sina maneno mengi.

Siku ya mazishi, pale kaburini, mchungaji aliniuliza mbele ya watu wagonjwa wangu wako na nani. Nikasema, wako na binti aliyelea mayatima. Watu wakaitikia amina. Umenifanya niseme uongo juu ya jeneza la mama yangu, na wewe uliujua tangu Septemba.

Usidhani ni dansi. Ni kunyamaza kwako. Au labda ni dansi vilevile, sijui, nimekaa na barua yako siku tatu na sijijui mimi mwenyewe. Ninachojua ni kwamba siwezi kuingia nyumba hiyo nikukute.

Uondoke kabla ya mwaka mpya. Alvin atakulipa haki yako yote.

L. Wanjohi


Blaine
23 Desemba 2013

Mwalimu,

Kemunto ameleta barua. Nimekwenda kuitazama tena ile yako ya tarehe 28, nikaona tarehe. Zilipishana njiani. Ulikuwa unawasamehe watu wengine, nami nikajiingiza humo. Kuna nyingine yangu iko njiani sasa, ya furaha. Tafadhali ikifika usiisome.

Ni kweli ulisema uongo kwa sababu yangu, na siku ile. Hilo siwezi kulitetea.

Bi. Ardis anapenda kahawa baridi, si mtu amesahau kuipasha. Kucha za miguu usimkate siku ya kuoga. Mzee wa chumba cha kona akiita "Doris," ni dada yake, mwitikie tu. Vestine anaumwa bega na hatakwambia, usimpe kuinua watu peke yake.

Naondoka leo. Funguo na barua hii namwachia Alvin.

Makena


Oakdale
4 Februari 2014

Kwa Mwalimu Lois Wanjohi,

Salamu nyingi, na pole kwa msiba wa mama, tulisikia kanisani.

Mimi na mke wangu tuna nyumba ya wazee hapa Oakdale. Tumepata ombi la kazi kutoka kwa binti aitwaye Makena. Ameandika waziwazi kwamba alicheza dansi ya kuvua nguo miaka miwili, kwamba alikaa kwako miezi mitatu, na kwamba ulimwachisha kazi kwa haki kwa kuwa hakukueleza mapema. Kisha akakutaja wewe kuwa mdhamini. Miaka yote ya kuajiri watu sijaona mtu amchague mdhamini aliyemfukuza.

Mke wangu anasema tusimguse. Mimi nimesema tumuulize Mwalimu kwanza. Tufanyeje?

Mzee Zachariah


Blaine
7 Februari 2014

Mzee Zachariah,

Salamu zako na za mama watoto nimepokea.

Binti huyo amekwandikia kwamba nilimwachisha kazi kwa haki. Hapo amekosea, na ni kosa pekee nililomkuta nalo ambalo linastahili kalamu nyekundu.

Nilikasirika kwa sababu nilijiaibisha. Yeye aliandika alichofanya. Mayatima niliwaleta mimi. Niliwazaa mwenyewe jikoni kwangu kwa sababu niliwapenda, na nikawapeleka mpaka Nyeri. Alipaswa kunisahihisha mapema, ndiyo. Lakini alinisahihisha, kwa mkono wake, siku aliyojua itamgharimu chumba. Wangapi tumewaajiri, Mzee, wewe na mimi, ambao faili zao ni safi kwa sababu hatukuwahi kuuliza?

Nilirudi hapa tarehe nane Januari. Barua yake moja ilifika Nyeri baada ya mimi kuondoka, mwanamke mmoja wa kikundi cha maombi akanitumia. Alikuwa ameniomba nisiisome. Nimeisoma. Alidhani nimemsamehe, na alikuwa na furaha, Mzee, furaha ambayo sijawahi kumpa mtu yeyote kwa kujua.

Bi. Ardis hakuoga siku tisa. Kila asubuhi ananiuliza yuko wapi yule wa nywele, nikijaribu kumchana mimi anaufunga mdomo na kutazama ukuta. Vestine ananijibu "ndiyo, Mama" na "hapana, Mama," hakuna zaidi. Alvin ana maisha yake Plymouth. Nakula nimesimama.

Nilimpigia simu mwenyewe yule Birindwa, mlinzi wa klabu, mtu wa Bukavu. Nilimuuliza Makena alikuwa mtu wa namna gani pale. Akasema, "Akiwa pale hakuna mutoto alitoka bila kula, Mama." Kisha akaniuliza, "Mama, miye nilisimama ku mlango ule miaka sita. Niliona yote. Ku kanisa yetu wananiita shemasi. Juu ya nini kwangu hamuulizi kitu?" Nikamshukuru, nikaweka simu chini.

Mwambie mkeo hivi. Makena haibi, hachelewi, hapandishi sauti. Anajua mtu anayeogopa anavyoguswa. Mpeni chumba chenye dirisha linaloona barabara yenye watu, kwa sababu anaumwa na upweke na hatawaambia. Msimwombe ushuhuda kanisani.

Ningeweza kumwomba arudi kwangu. Nimeianza barua hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Lakini kazi amekuomba wewe, hakuniomba mimi, na mtu akishafukuzwa mahali hapaswi kurudishwa hapo kwa sababu mwenye nyumba ameshindwa kukaa peke yake.

Basi nakuomba umwajiri, Mzee Zachariah. Namdhamini bila shaka yoyote. Na Mungu anisamehe, tangu nilipoanza mstari wa kwanza wa barua hii moyo wangu umekuwa ukitamani umkatae.

Lois Wanjohi